Sakafu Chini ya Godoro

Mwanangu Haitham,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, na mie nimekaa jikoni, kwenye meza ile uliyokuwa ukifanyia kazi za skuli huku umenuna. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika ni cha ofisini, hakina joto, na maneno haya nataka yakufikie kama ninavyoyasema. Najua Kiswahili unakisema vizuri kuliko unavyokisoma. Basi barua hii isome kwa sauti, polepole, ukiwa peke yako. Ukishalala nitaiweka ndani ya kumma yako, hiyo kofia yako ya darizi, maana hutoki nje bila ya kumma kichwani. Nataka uimalize kabla hajafika yule bwana wa Sohar anayekuja asubuhi kuitazama karavani, nyumba yetu ya magurudumu, ili ainunue.

Sikuandikii khabari za kula wala za kufua. Hayo nimeyasema mpaka nimechoka kujisikia mwenyewe. Duqm unakohamia kuna upepo, utakula mchanga, utazoea, na kazi ya bandarini utaiweza kwa sababu huna uvivu, hilo nakupa. Nnalotaka kukwambia ni jengine. Kwa nini karavani hii iliuzwa mara ya kwanza, kwa nini ilirudi, na kwa nini leo jioni, ulipokwenda kuoga, niliingia ndani yake nikanyanyua godoro.

Usikasirike bado. Soma kwanza.

Wakumbuka baba yako alivyokuwa akiipenda? Baridi ikianza tu, basi, hatulali tena nyumbani Darsait mwisho wa wiki. Anaikokota mpaka Bustan, anaiegesha pembeni mwa ufukwe, anatoa viti, anachemsha chai ya maziwa, halafu anaitizama ile hoteli kubwa kule na kucheka peke yake. "Wale wanalipa," anasema, "na bahari tunaiona ile ile." Kila mwaka maneno hayo hayo, na kila mwaka wewe unacheka kama unayasikia mara ya kwanza. Nilikuwa nakuonea raha.

Halafu ikaja ile mvua kubwa. Maji yakaingia kupitia dirisha la juu ya kitanda, na hatukujua mpaka tulipoifungua karavani ikatupiga harufu. Sakafu ilikuwa imekunywa maji, mbao imelainika. Baba yako akaziba dirisha kwa silikoni, akalaza plaiwudi juu ya pale pabovu, akatandika zulia, akarudisha kitanda. Nikamuuliza kwa nini asiing'oe yote akaweka mpya. Akanambia, "Itatufaa sisi. Sie tunajua pa kukanyaga." Na kweli tulijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukifika karibu na kitanda unaruka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Hilo la kuruka lishike. Nitalirudia.

Ulipokuwa Nizwa chuoni ndipo moyo wake ulipoanza kumchosha. Madaktari wa hapa walisema lao, sisi tukataka kusikia na la madaktari wa Hindi, kama watu wote wanavyotaka wakishikwa na khofu. Safari ile haikuwa na pesa. Karavani ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho kinachoweza kuuzika upesi bila ya kumsumbua ndugu. Baba yako akatangaza, na haukupita muda akapiga simu mtu mmoja, Sleyum, fundi wa dishdasha, hizi kanzu za wanaume, mwenye duka lake Hamriya. Alikuwa akimtafutia mama yake. Bi mkubwa wake magoti yalikuwa mabovu, hawezi kukaa chini mchangani, hawezi kwenda mbali na choo, na kila familia ikienda kupumzika yeye hubaki nyumbani na televisheni. Sleyum alitaka mama yake naye aione bahari.

Asubuhi ya siku aliyokuja, baba yako alikuwa amelala sebuleni, hana nguvu ya kutoka nje. Akaniita. Akanambia, "Mwambie khabari ya sakafu. Na umwambie kabla hajanywa kahawa, maana akishainywa ataona haya kukataa." Nikamjibu, "Nitamwambia." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, neno kwa neno.

Akaja Sleyum. Mtu mnene, mpole, kumma ya kijani kichwani. "Hodi wenyewe. Shikamoo, Bi Mkubwa." Kwa lafudhi yake nikajua papo hapo, huyu wazee wake wametokea bara, Tabora huko au Kigoma. Naye kusikia nnamjibu kwa Kiswahili cha Unguja, uso ukamfunguka. Hapo ndipo sote wawili tulipoharibikiwa. Angekuwa mtu asiyetujua, angekuja na tochi, angelala chini kutizama, angeigonga sakafu kwa kisigino. Lakini huyu alikuja kama mgeni. Nami nikampokea kama mgeni. Nikamtolea kahawa na halwa kwa sinia, ndani ya karavani yenyewe, na yeye akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa.

Akafungua kabati, akafungua bomba la jiko. Akanyoosha mkono kwenye godoro alinyanyue, halafu akaurudisha. "Samahani," akasema, "hiki kitanda cha wenyewe." Aliona haya, Haitham. Kulinyanyua godoro la mtu na mkewe, na mke mwenyewe amesimama hapo, na mume mgonjwa ndani. Mtu mwenye adabu hafanyi hivyo. Akabakia na kikombe mkononi, akaniuliza, "Kuna la kuniambia, Bi Mkubwa?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyo, kama unavyoiona."

Basi. Akamaliza kahawa yake, akalipa, akaombea dua baba yako apone, akaondoka nayo. Nikaingia ndani. Baba yako akaniuliza, "Umemwambia?" Nikamwambia, "Nimemwambia." Akasema alhamdulillahi, akafumba macho, akalala kama mtu aliyetua mzigo.

Sijui nikwambieje nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri! Huo ndio ukweli. Nilijiona hodari, nimeiokoa safari ya Hindi. Sikusema uongo kwa yule bwana hata neno moja, nikajiambia, na macho anayo.

Halafu akarudi. Hata sanduku la safari tulikuwa hatujafunga. Nikamkuta getini, simu mkononi, akanionyesha picha ya mguu wa mama yake umevimba kama mhogo. Bi mkubwa alikuwa ameingia ndani ya karavani siku ya kwanza, kule kule Bustan, akitaka kujilaza kidogo. Akakanyaga karibu na kitanda. Mguu ukazama mpaka gotini. Yeye hakujua pa kuruka.

"Siitaki tena, Bi Mkubwa," Sleyum akanambia, na sauti hakuipandisha. "Nirejeshee changu, nami nikurejeshee chako, tubakie na heshima yetu."

Mwanangu, ungenisikia siku ile usingenitambua. Nilimwambia ameitazama, ameridhika, amelipa, sasa anataka nini? Akasema, "Sikuitazama. Niliona haya." Nikamjibu, "Haya zako mie zinanihusu nini?" Na hapo ningenyamaza ingekuwa nusu ya shari. Nikaongeza, "Nyinyi watu wa bara ndivyo mlivyo. Mnanunua kwa kucheka, mnadai kwa kulia."

Lo! Nilimuona alivyonitizama. Akaiweka simu mfukoni, akasema tu, "Mwambie mwenye nyumba nilikuja."

Baba yako akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?" Nikasema, "Muuza samaki." Akasema, "Mbona hukununua?" Nikasema, "Samaki wenyewe wabovu." Akacheka kidogo, masikini. Akaniamini. Kila nilichomwambia mume wangu mwaka ule alikiamini, kwa sababu miaka yote ya nyuma sikuwa na tabia ya kumdanganya.

Sleyum akapiga simu, nikaifungia namba yake. Tukenda Hindi. Tukarudi. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo.

Lakini kuna kitu hukijui. Siku ya maziko, mlipotoka makaburini, ulikuja moja kwa moja chumbani kwangu. Dishdasha yako ina udongo, macho mekundu, na umesimama wima kama baba yako. Ukanambia, "Mama, nimetangaza. Nimesema yeyote anayemdai baba yangu aje kwangu, deni ni langu. Nimerudia. Watu wote kimya. Hakuna anayemdai baba." Ulikuwa unajivunia, na ulikuwa na haki ya kujivunia. Halafu ukasema, kama jambo dogo tu, "Kulikuwa na bwana mmoja simjui, mnene, kumma ya kijani. Alinyanyua mkono nikadhani anataka kusema. Kumbe anafuta jasho."

Nilikukumbatia nikalia, nawe ukanipapasa mgongo ukidhani namlilia baba yako. Nilikuwa namlilia. Lakini nilikuwa nalia kwa khofu pia, khofu sijawahi kuijua. Mume wangu amelazwa kwenye mchanga, na kuna mtu amesimama juu ya kaburi lake ana haki yake mkononi, na aliyeiziba haki hiyo ni mie. Na yeye marehemu hana khabari. Atajibu nini huko aliko? Atasema, "Mke wangu aliniambia amemwambia"?

Nikaanza eda. Wewe uliniona nimetulia, unawasifia watu uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Nilikuwa nimefungika. Sitoki, sendi popote, na mtu wa kumtuma ni wewe peke yako, na wewe ndiye nisiyeweza kumwambia. Nilikaa ndani ya chumba kile na godoro langu, nikawa silali.

Walipokuja wanawake kuhani, akaja mmoja simfahamu, amebeba chungu cha uji wa tangawizi. Akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akanong'ona, "Mimi mke wa Sleyum, wa Hamriya." Nikangoja aseme. Nilidhani atasimama atangaze mbele ya wanawake wote, na ningestahiki. Akanambia, "Kunywa kidogo, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni." Nikamuuliza, "Bi mkubwa mguu vipi?" Akasema, "Anatembea, alhamdulillahi." Nikamwambia amwambie mumewe anipigie simu. Mtu wa bara yule, Haitham. Aliosha na chungu chake mwenyewe jikoni kwangu kabla hajaondoka.

Nikaifungua namba yake, Sleyum akapiga. Nikamwambia yote, na la "nimemwambia", na la muuza samaki. Kisha akasema, "Makaburini mie nilinyanyua mkono kweli. Halafu nikamuona kijana midomo inamtetemeka. Nikaona si pahala pake. Nikajifuta uso." Nikamwambia pesa sina, zimekwisha Hindi, lakini nitamlipa kidogo kidogo kwa pensheni yangu mpaka ziishe, na asinihurumie. Akakubali, na hakunihurumia, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Sharti lake lilikuwa moja. "Kijana usimwambie. Alisimama vizuri siku ile. Mwache abakie amesimama."

Ndiyo maana, eda ilipokwisha, kila mwezi nilikuwa nakwambia unipeleke Hamriya kwa fundi. Wewe unangoja ndani ya gari, unanitania, "Mama, una mabuibui mangapi?" Fundi wa dishdasha hashoni mabuibui, mwanangu. Bango lilikuwa mbele ya macho yako miezi yote ile na hukuliona. Huko Duqm angalia zaidi unapoegesha gari.

Siku ya malipo ya mwisho nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya maziko. Nikamwambia, "Bwana Sleyum, sasa mhalalishie mume wangu, apumzike." Alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Akaivua, akaiweka mezani. Akasema, "Mume wako nilimhalalishia siku ile ile, pale pale kaburini, hata mchanga haujakauka. Aliyebaki ulikuwa wewe."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Miezi yote ile nikijiona mke mwema, nakomboa roho ya mume wangu. Kumbe najikomboa mwenyewe, na yeye yuko salama zamani. Nilimuomba radhi na kwa neno lile la getini. Akairudisha futi shingoni kwanza. Mwisho akasema, "Hilo mwambie mke wangu, yeye ndiye lililomuuma zaidi." Nikamwambia mkewe. Tulilia wote wawili, halafu akanikaripia kwa kukonda. Kesho yake Sleyum akaikokota karavani mpaka kwetu, na mie nikakwambia yule mtu kaichoka. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho ndani ya nyumba hii, na leo naufuta. Ahadi niliyompa Sleyum nimeivunja, lakini nilimpitia dukani wiki hii nikamuomba rukhsa. Akafikiri, akasema, "Sasa ni mtu mzima. Mwambie."

Basi nakwambia.

Nimekuona wiki nzima ukihangaika na karavani hii. Umeipaka rangi, umebadilisha taa, karibu na mlango umeng'oa mbao mbovu ukatia mpya, kazi safi, baba yako angekupiga bega. Halafu juu ya yote ukatandika zulia jipya la plastiki, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Godoro umelivika shuka mpya, umelinyoosha halina hata kunyanzi. Leo jioni nikalinyanyua, nikafunua na pembe ya zulia. Nikakanyaga pale kando ya kitanda, polepole, nimejishika ukutani. Mguu ukaanza kuzama.

Pale hukubadilisha, Haitham. Ni plaiwudi ile ile ya baba yako, na chini yake uozo ule ule. Na wewe unapajua, kwa sababu ulikuwa ukiparuka.

Sisemi umekusudia kumficha mtu. Labda muda umekuishia, labda mbao imekuishia, labda ulikuwa na nia ya kumwambia. Na mie nilikuwa na nia. Nilitoka sebuleni pale nikiwa na nia kamili, na sinia mkononi. Najua na kodi ya nyumba Duqm inakungoja, wanataka ya miezi ya mbele, na umetegemea bei hii. Nasi tulitegemea safari ya Hindi. Haja yetu ilikuwa ya kweli, na ya kwako ni ya kweli, na mguu wa bi mkubwa nao ulivimba kweli. Ukiniuliza kama nitakufidia bei ikishuka, sikufidii. Nna bangili zangu na ningeweza, na moyo unataka. Lakini nikifanya hivyo itakuwa mie ndiye niliyesema kweli na si wewe, na mie zamu yangu nilishaipata nikaiharibu.

Yule bwana wa Sohar kwenye simu alikusemesha Kiswahili, nilisikia. Mlicheka, mkaulizana ukoo, mpaka mkapata jina la babu mmoja wa Pemba. Nikakaa chini. Atakuja kama mgeni. Ataona haya.

Hutonikuta nje asubuhi. Nitakuwa jikoni, na mabirika yote mawili yamejaa, na sinia tayari. Nitakusikiliza kwa dirishani, na wakati huu sitoweza kukusemea wala kukuzuia. Mchukue mpaka ndani. Mlango, jiko, kitanda. Ya babu wa Pemba mtazungumza baadaye. Akisita mbele ya kitanda, na atasita, wewe mwenye nyumba nyanyua godoro kwa mikono yako, mkanyagishe pale, mwambie iliwahi kumuumiza mtu mguu, na umwambie ni mama wa nani.

Kisha niite. Nitaleta kahawa.

Mama yako